Uzito wa Rondal Tackett

Barua ilisema uchunguzi ni Jumanne saa tatu na robo asubuhi, na kwamba Verlon Stamper afike dakika kumi na tano kabla, akiwa na kitambulisho chenye picha. Saa kumi na mbili na nusu mkewe, Glenna, alikuwa amepiga magoti sakafuni jikoni, anamfunga kamba za buti. Verlon hakuweza kuinama mpaka kuzifikia. Alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini na sita, mwembamba kama nguzo ya uzio, na kiti alichokalia kilikuwa kimechomelewa vyuma vya ziada miguuni.

"Umwambie daktari kila kitu," Glenna alisema. "Usianze kujikausha."

"Nani anajikausha?"

"Wewe. Lete mguu mwingine."

Alipopanda pikapu, gari lilizama na kulalia kushoto, kwa sababu Rondal Tackett alipenda kulaza kichwa kwenye bega la kushoto.

Rondal alikuwa amekufa miaka kumi na minne iliyopita, milimani Afghanistan, akiwa mgongoni mwa Verlon. Walizaliwa kaunti moja, huku Kentucky ya mashariki, wakasoma shule moja, wakaandikishwa kikosi kimoja cha kujenga barabara. Siku bomu la kutegwa lilipopindua greda ya Rondal, barabara ilikuwa imekatika mbele na nyuma, na helikopta haikuwa na pa kutua ila bondeni, maili tatu kwenda chini. Verlon alimbeba. Njiani Rondal aliomba maji mara mbili, akauliza mara moja kama wamefika, kisha akanyamaza. Bondeni wauguzi wawili wa jeshi waliunyanyua mwili kutoka mgongoni mwa Verlon, na mmoja wao nusura aanguke chali. Alikuwa amejiandaa kunyanyua mtu, na kilichokuja mikononi kilikuwa chepesi kama koti. Uzito wenyewe ulibaki pale pale ulipokuwa. Verlon aliwaambia. Walimpa vidonge vya maumivu, wakaandika mstari mmoja kwenye faili lake, na keshokutwa yake wakamrudisha kazini.

Nyumbani hapakuwa na mtu asiyejua. Kanisani alikuwa na nafasi yake mwisho wa benchi, mahali penye nguzo chini ya sakafu. Mwenye mgahawa alimwekea gogo la mwaloni badala ya stuli, na hakuna aliyelikalia hata siku za sherehe. Mvua ikinyesha, nyayo zake uani zilijaa maji na ndege walikuja kuoga humo. Yeye alilala kifudifudi, miaka yote hiyo, ili asimlalie mwenzake.

Alikuwa fundi wa mabasi ya shule mpaka mgongo ulipomkataa. Kutoka ofisi ya askari wastaafu alitaka mambo mawili: wamtibu mgongo, na waandike mahali fulani, hata kwa sentensi moja, kwamba ulianzia kule. Ile sentensi aliitaka kuliko matibabu, ingawa hakumwambia Glenna hivyo.

Aliyemjazia fomu ni Delphia Combs, sajenti mstaafu aliyewahi kuwa mtunza stoo wa jeshi. Kila Alhamisi Delphia alikaa kwenye ukumbi wa askari wastaafu na birika la kahawa, akiwasaidia wenzake bure. Madai yake mwenyewe yalimchukua miaka saba, na hakutaka ujuzi wote ule umwozee kichwani.

"Sikia, Stamper," alikuwa amemwambia. "Yule daktari si daktari wako. Hakutibu. Anajaza karatasi. Akikuuliza unaendeleaje, usije ukasema salama. Watu wa huku mtu amekatika mguu, ukimuuliza hali, anakwambia hajambo, wa kwenu je? Na akikuinamisha, pale panapoanza kuuma ndipo usimame. Usimwoneshe ushujaa. Ushujaa hauna kisanduku kwenye fomu."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Haya, nakuuliza: unaendeleaje?"

"Salama tu."

"Mungu wangu," Delphia alisema, akajimiminia kahawa.

Chumba cha uchunguzi kilikuwa cha kukodi, kwenye safu ya maduka kando ya barabara kuu, kati ya saluni ya kucha na duka la chakula cha mifugo. Daktari aliitwa Whitlow. Alikuwa kijana mstaarabu mwenye haraka, na alikuwa na watu kumi na wanne wa kuwaona kabla ya jioni.

"Unaendeleaje leo, Bwana Stamper?"

"Salama tu," Verlon alisema, na kabla hajalimeza neno hilo akasikia vidole vya daktari vikiandika.

Daktari alimpandisha kwenye mizani. Mizani ikaonesha ratili mia tatu thelathini na moja. Daktari Whitlow akazitazama tarakimu, akamtazama Verlon, mikono yake mirefu na mkanda wake uliotobolewa tundu la ziada. Akamwomba ashuke apande tena. Mia tatu thelathini na moja.

"Mizani yetu ilikaguliwa mwezi uliopita," alisema, kama mtu aliyelaumiwa.

"Haina kosa," Verlon alisema. "Mimi ni mia na hamsini na mbili. Zilizobaki ni za Rondal. Na fulana yake ya kuzuia risasi."

Akamweleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama walivyofanya mazoezi na Delphia: tarehe, mahali, maili. Daktari alisikiliza huku akitafuta sehemu kwenye kompyuta.

"Pole sana," alisema, na alimaanisha. "Ila hapa fomu inaniuliza uzito. Hainiulizi ni wa nani."

Akachukua kifaa cha plastiki, kama rula mbili zilizofungwa pamoja kwa msumari, akakiweka kiunoni kwa Verlon kupima anainama kiasi gani. Aliinama kidogo sana. Uchunguzi wote ulichukua dakika kumi na moja, na mlangoni Daktari Whitlow alimshika mkono akamshukuru kwa utumishi wake kwa taifa.

Barua ya uamuzi ilikuja baada ya wiki tisa. Glenna aliisoma kwa sauti jikoni. Ilikubali kwamba mgongo una ugonjwa. Ilisema chanzo chake, kwa uwezekano mkubwa, ni kubeba uzito uliozidi kwa muda mrefu, na kwamba unene si jambo la kijeshi. Ilitaja kwamba siku ya uchunguzi mhusika mwenyewe alisema yuko salama. Walikuwa wameambatanisha kijitabu kuhusu mboga za majani.

"Wanasema upungue," Glenna alisema.

"Nimpunguze nani?"

Wakacheka, wote wawili, mpaka Glenna akalazimika kuvua miwani aifute. Kisha akaificha barua chini ya kijitabu cha mboga, na siku mbili hawakuizungumzia.

"Tunakata rufaa," Delphia alisema Alhamisi. "Hawataki uhakika, wanataka uwezekano wa nusu kwa nusu tu. Shahidi tunaye? Mtu aliyeona kwa macho?"

Palikuwa na mmoja. Mama yake Rondal, Ocie Tackett, aliishi peke yake mwisho wa kijito, katika nyumba ya mbao aliyojengewa na marehemu mumewe. Alikuwa na miaka sabini na minne. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi Verlon na Glenna walikwenda kwake kula maharage na mkate wa mahindi, na Verlon alikaa kwenye kiti kipana karibu na jiko la kuni, ameupa moto mgongo, kwa sababu Rondal tangu utotoni alikuwa mtu wa baridi. Bibi Ocie alikuwa na desturi ya kupita nyuma ya kiti, bakuli mkononi, na kusema na mwanawe.

"Rondal, hebu jivute katikati. Unamuumiza mwenzio."

Wakati mwingine alijivuta.

Siku walipomwomba ushahidi alifuta meza, akavaa miwani ya kusomea, akaandika kwa penseli kwanza, halafu kwa wino. Aliandika kwamba sanduku la mwanawe lilipoletwa, askari sita waliovaa glavu nyeupe walilishika wakalipandisha juu kwa ghafla kupita walivyokusudia, na mmoja akamtazama mwenzake. Kwamba usiku kucha aliketi kando ya sanduku hilo akijua mwanawe hayumo. Kwamba mwezi uliofuata Verlon Stamper alikuja kumpa pole, akasimama kwenye kizingiti, na mbao za kibaraza zikapiga kelele ile ile ziliyokuwa zikipiga vijana wale wawili walipoingia pamoja kutoka shule. "Hapo nikajua yuko wapi," aliandika. "Nikamkumbatia Verlon, mikono yangu haikukutana mgongoni kwake, naye ni mwembamba."

Akakunja karatasi. "Wataamini?"

"Sijui, mama," Verlon alisema.

"Wasipoamini, mwanangu, hiyo ni yao." Akamwekea mkono begani, lile la kushoto, na akauacha pale muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Rufaa ikapokelewa, uchunguzi mpya ukapangwa Januari. Siku hiyo theluji ilifunga barabara zote, ikabidi uahirishwe. Barua mpya ilitaja Jumanne ya mwisho ya Februari. Ilisema kuahirisha kunaruhusiwa mara moja tu. Mara ya pili huhesabiwa kwamba mhusika amekataa kuchunguzwa, na madai hufungwa.

Jumapili kabla ya Jumanne hiyo, alasiri, Verlon alikuwa amesimama kwenye sinki anamenya viazi. Ghafla akanyooka. Mifupa ya mgongo ililia mmoja baada ya mwingine, kuanzia chini, na kichwa chake kikagonga taa ambayo kwa miaka kumi na minne alikuwa akipita chini yake bila kuigusa. Mbao za sebuleni zikalia, halafu za kibaraza. Geti likafunguka.

Glenna akaja na kitambaa mkononi. Akamtazama mumewe aliyesimama wima, kisu cha viazi mkononi, taa ikibembea.

"Ameshuka?"

"Ameshuka."

Simu ikalia. Ni jirani wa Bibi Ocie. Alisema amemkuta mama sakafuni, ni kiharusi. Daktari amekuja, na mama mwenyewe amekataa katakata kupelekwa hospitali.

Walipofika walimkuta amelazwa kitandani sebuleni. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, lakini macho yalikuwa mazima. Kando yake godoro lilikuwa limebonyea sana, kwa urefu wa mtu, na mkono wake uliobaki na nguvu ulikuwa unakwenda na kurudi juu ya blanketi, polepole, kama mtu anayepapasa nywele.

"Amekuja," alisema kwa ulimi mzito.

"Naona, mama," Verlon alisema.

Walikaa naye mpaka jirani akarudi kushika zamu. Uani, kabla hawajapanda gari, Glenna alimvuta mumewe mkono.

"Muombe Rondal," alisema. "Jumanne tu. Kwa saa moja. Mama atakuwa na mimi, nitamshika mkono muda wote. Aende apimwe, arudi."

Verlon akavua kofia.

"Miaka kumi na minne umembeba, Verlon. Wewe hujamuomba kitu hata siku moja. Saa moja!"

Akarudi ndani. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Bibi Ocie alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulikuwa umetulia, umening'inia kidogo hewani juu ya blanketi, umewekwa juu ya kitu kilichoupandisha na kuushusha, kama kifua cha mtu aliyelala. Verlon alitazama kwa muda. Kisha akavaa kofia, akatoka.

"Umemwambia?"

"Amelala."

Verlon alimpigia Delphia simu akamweleza.

"Usipokwenda umekwisha," Delphia alisema. "Nenda. Sema ukweli. Labda utampata mwenye masikio."

Alimpata. Daktari Farrow alikuwa mwanamke wa makamo, nywele zimeanza kuwa na mvi, na alikuwa amelisoma faili lote, hata barua ya Bibi Ocie, ambayo alikuwa ameipigia mstari mahali pawili. Mizani ikaonesha mia na hamsini na mbili.

"Yuko wapi leo?" aliuliza.

"Yuko kwa mama yake. Anaumwa sana."

Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaweka kile kifaa cha plastiki kiunoni. "Inama taratibu. Panapouma, simama."

Verlon akainama. Akasubiri maumivu, hayakuja. Akaendelea kwenda chini mpaka ncha za vidole zikagusa kamba za buti, zile ambazo Glenna alikuwa amezifunga asubuhi kwa mazoea tu. Alizigusa, akabaki hapo. Machozi yakamdondoka kwenye zulia la chumba cha kukodi. Hakujua ni ya nini. Alikuwa na furaha, na aliionea aibu furaha ile.

"Digrii tisini," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Kuna maumivu?"

Maneno yote ya Delphia yalikuwa kichwani. Angeweza kusema yapo.

"Leo hapana, daktari."

Daktari Farrow akavua miwani. "Nakuamini, Bwana Stamper. Nataka ujue hivyo. Lakini naulizwa nilichokiona leo, kwa mkono wangu. Kuna nafasi ya maelezo, herufi mia mbili. Nitaijaza yote."

Aliijaza yote.

Bibi Ocie alifariki Alhamisi mchana, jua likiwa dirishani. Jirani alisema godoro lilibaki limebonyea mpaka jioni. Walimzika Jumamosi kwenye makaburi ya ukoo, juu ya kilima, na Verlon alikuwa mmoja wa waliochukua jeneza.

Wiki zilizofuata Verlon alilala chali. Glenna aliweka kichwa kifuani kwake, jambo ambalo walikuwa wameliacha wakiwa vijana, na waliongea mambo ya kijinga mpaka usingizi ukawachukua. Alikata nyasi. Alipanda juu ya paa akapigilia bati. Lakini alitembea vibaya, ameegemea mbele kama mtu anayepanda kilima, na mara mbili alianguka uani bila kujikwaa. Akiwa mezani alikuwa anageuza kichwa kushoto, kidogo, kisha anakirudisha.

Barua ya pili ilikuja mwanzo wa Aprili. Ilisema mgongo umeonekana kuwa wa kawaida kabisa na kwamba wanafurahi kwa nafuu aliyoipata. Ilisema barua ya shahidi imesomwa, ila shahidi hana taaluma ya udaktari. Kuhusu maelezo ya mchunguzi, ilisema kwamba kwa maneno yake mwenyewe mhusika ameeleza kuwa mzigo unaodaiwa uko kwa mtu mwingine, yaani Ocie Tackett. Kwa hiyo kama kuna madai, ni ya mtu huyo, na mtu huyo hakuwahi kutumikia jeshi. Alipewa mwaka mmoja wa kukata rufaa.

Delphia aliisoma mara tatu, akatoa fomu mpya kwenye droo, akaandika jina la Verlon juu yake kwa herufi kubwa. Kwa hasira alikandamiza kalamu hadi karatasi ikachanika, ikabidi achukue fomu nyingine.

Jumatatu iliyofuata asubuhi kulikuwa na manyunyu. Verlon alikuwa kibarazani anakunywa kahawa, Glenna anakung'uta mkeka, waliposikia geti. Nyasi za uani zikalala, unyayo mmoja, kisha mwingine, wa mtu aliyetembea umbali mrefu na amechoka. Nyayo zilikuwa na tope jekundu la kule mwisho wa kijito. Nyumba ya Bibi Ocie mpwa wake alikuwa ameifunga kwa kufuli wiki iliyopita na kuipigilia mbao madirishani.

Ngazi ya chini ya kibaraza ikalia. Nyayo zikasimama hapo hapo, hazikupanda.

Glenna akashusha mkeka. "Verlon," alisema taratibu. "Si lazima."

"Najua."

"Mgongo wako umepona. Hata wao wameandika."

"Najua, Glenna."

Kwenye ngazi ubao ulikuwa umepinda katikati, na maji ya mvua yalikuwa yanajikusanya pale kuzunguka umbo la buti mbili. Verlon akaweka kikombe chini, ukutani, mahali ambapo hakingepigwa teke. Akageuka, akawapa mgongo uwanja na mvua, akaweka mikono juu ya magoti, akainama.

"Haya, kaka," alisema. "Polepole."

Glenna alimshika kiwiko, akaendelea kukishika mpaka mumewe alipoweza kusimama.